Wenye watoto wa sindano, mpira au dawa za dharura (Arusha/Moshi): dada na matroni mnawafundishaje?

NesiWaRau (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ilikuwa unesi wa watoto hapa Moshi. Tangu nistaafu naitwa majumbani na shuleni kuwafundisha wanaoshinda na watoto wenye mahitaji ya kitabibu: dada wa kazi, bibi, matroni, mwalimu wa darasa, wakati mwingine hata dereva wa gari la shule. Nazungumzia mtoto wa kisukari anayechomwa insulini, mwenye kifafa, mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi, sickle cell), mwenye pumu kali, mwenye mgongo wazi anayetolewa mkojo kwa mpira, mwenye mtindio wa ubongo anayelishwa kwa mrija. Zamani wengi wao hawakufika umri wa kuvaa sare ya shule. Siku hizi wanafika, Mungu ni mwema, ila wanaowapokea shuleni na nyumbani hawajaandaliwa.

Nina jambo moja tu, na nitalisema hata kama litawaudhi wanaoishi kwa semina. Ile semina ya siku moja ukumbini, yenye projekta, soda na cheti cha kubandika ukutani, haimwezeshi mtu kumhudumia mtoto wako. Anayeweza ni aliyefundishwa juu ya mtoto huyu, kwa vifaa vya mtoto huyu, na mtu anayemjua mtoto huyu, kisha akafanya kwa mikono yake mwenyewe mwalimu akimtazama, mpaka mwalimu akakosa la kusahihisha. Akihamia kwa mtoto mwingine mwenye ugonjwa uleule, anafundishwa tena.

Wazazi wengine hudhani nasema hivyo ili niitwe mara mbili. Chukua kifafa. Kuna mtoto anayeanguka, anakakamaa, anatukutika, mate yanamtoka. Kuna mwingine haanguki kabisa: anakata katikati ya sentensi, anakodoa macho kwa sekunde chache, kisha anaendelea kuchora. Dada aliyefundishwa "kifafa ni kuanguka" atamchapa huyu wa pili kwa kutosikiliza. Mwalimu naye ataandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzembe. Ugonjwa jina moja, watoto wawili, mafunzo mawili.

Jambo lingine nililoliona kazini: kinachofanyika kila siku hakisahauliki. Dada anayechoma insulini asubuhi na jioni, baada ya muda mkono wake unakuwa mwepesi kuliko wa mwanafunzi wa uuguzi. Kinachosahaulika ni kile cha nadra, mfano dawa ya kuzuia degedege ambayo mtoto huihitaji mara moja kwa mwaka. Na hicho cha nadra ndicho chenye hatari zaidi. Kwa hiyo mazoezi ya marudio tunayapanga kinyume na wengi wanavyofikiri: dharura irudiwe mara kwa mara hata kama haijawahi kutokea, cha kila siku ukikague mara mojamoja tu, kuona kama hajaanza kuruka hatua.

Nataka kusikia wenzangu mnafanyaje. Na mliokwama mseme mlipokwamia.

Baba_Sakina

Uzi mzuri, mama. Ila tuongee ukweli wa mjini. Binti yangu ana kisukari tangu yuko darasa la pili. Unamfundisha dada, unamlipia nauli aende na mtoto kliniki, anaelewa vizuri, halafu anaomba ruhusa ya kwenda kusalimia nyumbani Kondoa na ndiyo imetoka hiyo. Simu haipatikani. Baada ya mwezi unasikia yuko Njiro kwa mama mmoja anayemlipa zaidi. Hapo unaanza na mwingine ambaye hajawahi kuona sindano. Mke wangu alishasema bora aache kazi akae nyumbani, lakini tukifanya hivyo stripu za kupimia nani atanunua?

NesiWaRau

Baba, hilo nalisikia kila nyumba. Nina majibu mawili na la kwanza hutalipenda. Dada anayechoma insulini na kupima sukari anafanya kazi mbili, na wengi wenu mnamlipa moja. Huyo mama wa Njiro ameliona hilo kabla yako.

La pili: usifundishe mtu mmoja. Kila nyumba nadai watu wawili, na wa pili awe asiyehama: bibi, shangazi, jirani wa ukuta mmoja, kaka yake aliye sekondari. Huyo si lazima ajue yote. Ajue kushuka kwa sukari, kwa sababu ndiko kunakoua haraka: mtoto anatetemeka, jasho jembamba, anakuwa mkali bila sababu au anasinzia mchana. Mpime. Ikiwa chini ya 3.9 kwa mashine zetu za mmol, mpe sukari inayoingia haraka: kwa mtoto mkubwa gramu 15 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida (isiwe ile isiyo na sukari). Mdogo hupunguziwa kwa uzito, kliniki watakuandikia. Subiri dakika 15, pima tena, kama bado rudia. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake yanachelewesha sukari. Mashine ikiwa mbali au stripu zimeisha, mpe sukari kwanza. Na akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, atapaliwa; mlaze ubavu na gari liwashwe.

Binti mwenyewe naye afundishwe. Wa darasa la nne anaweza kusema "nahisi inashuka" kabla yenu nyote, ikiwa tu hamkumzoesha kuona aibu.

Matroni_UsaRiver

Naomba na mimi niseme kutoka upande wa bweni. Mimi ni matroni, shule siitaji. Tatizo langu la kwanza ni wazazi wenyewe kuficha. Fomu ya afya tunawapa, pale penye "ugonjwa wa kudumu" wanaandika HAKUNA, kisha mtoto anakuja na vidonge vya kifafa vimefungwa kwenye soksi na maagizo ya kumeza akiwa amejifunika blanketi. Wanaogopa tutamkataa. Na kuna shule kweli zinakataa, sibishi. Lakini akikosa dozi mbili tatu kwa sababu alisahau au kaibiwa soksi, anayeamshwa usiku ni mimi, na sijui hata nianzie wapi.

La pili, mnasema mfundisheni matroni. Sawa. Nimefundishwa. Nikishajua, nina mamlaka gani? Utaratibu wetu ni nimpigie mkuu wa shule, mkuu ampigie mhasibu, mhasibu amtafute dereva mwenye funguo. Degedege haisubiri mhasibu. Angalau tangu waraka wa 2023 ulipozuia bweni kuanzia awali hadi la nne wale wadogo kabisa wamepungua, ila wa la tano na la sita bado ni watoto.

NesiWaRau

Matroni, umegusa pale ambapo mafunzo mengi hufia. Mtu amefundishwa lakini hajapewa ruhusa. Ninapoitwa shuleni sianzi na matroni, naanza na mkuu. Tunaandika karatasi moja ya mtoto, upande mmoja tu: jina, picha, ugonjwa, dalili zake YEYE, dawa na kipimo alichoandika daktari, muda wa kusubiri, hospitali ya kwenda, nani anaendesha, namba za mzazi. Mzazi anasaini kuruhusu, mkuu anasaini kwamba matroni akiona dakika tano za degedege zimepita anaondoka na mtoto bila kupiga simu ya kuomba. Simu atapiga akiwa njiani. Mkuu akikataa kusaini, mzazi ameshajua shule hiyo ikoje.

Kijana_wa_Unga

Kifafa si kijiko tu mdomoni? Sisi shuleni tulikuwa tunaweka kijiko asiume ulimi, na kitunguu puani. Halafu tunakaa mbali na lile povu maana linaambukiza.

NesiWaRau

Mwanangu, afadhali umeuliza, maana walimu wengi wanaamini hivyohivyo ila wanaona haya kusema. Kijiko kinavunja meno, na jino likivunjika linaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa, haliambukizi mtu. Kitunguu, kiberiti, soksi chafu, vyote ni kupoteza muda.

Unachofanya ni kidogo mno, na ndiyo sababu watu hawaamini. Tazama saa. Ondoa meza na mawe karibu naye, weka sweta chini ya kichwa, legeza shingo ya shati, usimkandamize. Mtukutiko ukikoma mlaze ubavu, kaa naye mpaka ajitambue. Ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajajitambua, hapo ndipo dawa ya dharura kama ameandikiwa (kwetu mara nyingi ni diazepamu ya kuweka njia ya haja kubwa kwa bomba lisilo na sindano) na safari ya hospitali. Kipimo cha dawa hiyo huenda na uzito, kwa hiyo karatasi ya mwaka juzi haifai kwa mtoto aliyeongezeka kilo sita.

Na mtu anayemwekea mtoto dawa hiyo amfunike kwa kanga. Darasa zima huwa limesimama linatazama.

Mrombo_Leeds

Nawasalimu kutoka Uingereza. Kazi yangu huku ndiyo hiyo, msaidizi wa watoto wenye mahitaji makubwa ya kitabibu, wengine wana tundu la kupumulia shingoni. Mama Nesi anachosema ndicho kinachofanyika. Kabla sijaachwa peke yangu na mtoto, nesi wake alinitazama nikifanya kila kitu, akasaini kitu kimojakimoja, na saini ile ni ya mtoto yule tu. Nikipangiwa mtoto mwingine mwenye mrija uleule, naanza upya. Na kila baada ya muda wanarudi kunikagua.

Kwa shule, England wana sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014, kifungu cha 100, inayozitaka shule ziweke utaratibu kwa wanafunzi wenye magonjwa. Mwongozo wake unasema wazi kwamba cheti cha huduma ya kwanza hakitoshi kuwa mafunzo ya kumhudumia mtoto mwenye ugonjwa. Msidhani huku ni peponi lakini. Sheria ipo, manesi wa kufundisha ni wachache, na wazazi wanagombana na shule vilevile.

Wa_Babati

Shikamoo nesi. Shikamooni wote mlionizidi. Mimi ni dada wa kazi, niko Moshono, nakaa na mtoto wa miaka minne mwenye mtindio, analishwa kwa mrija wa puani. Naona mnatuongelea, nikaona na mimi niandike.

Siku ya kwanza mama alinifundisha huku anavaa viatu, bodaboda inapiga honi getini. Aliongea haraka, nikaitikia ndiyo ndiyo, kwa sababu nikisema sijaelewa ataona mimi mjinga atanirudisha. Nilikuwa naogopa sana ule mrija. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa.

Nilikuja kuelewa tulipolazwa naye. Nesi wa zamu alinikalisha, akanionyesha, akasema sasa wewe. Nikakosea, hakunifokea. Akasema tena. Tena mbele ya mama akasema "huyu mikono yake mizuri". Tangu siku hiyo mama hanisimamii kwa kelele. Naomba mnaofundisha muulize kwanza mtu anajua kusoma au hajui, maana kuna wenzangu wanapewa karatasi wanaishika tu. Wachoreeni, au wekeni plasta ya rangi kwenye bomba mwisho wa kipimo.

Swali langu: mimi huwa napuliza hewa kwa bomba nasikiliza tumboni kama mrija umekaa sawa. Mwenzangu kaniambia siku hizi haikubaliki. Ni kweli?

NesiWaRau

Marahaba mwanangu. Umeandika kuliko sisi wote.

Ni kweli. Kupuliza na kusikiliza kunadanganya, sauti unaweza kuisikia hata mrija ukiwa umeingia njia ya hewa. Njia bora ni kuvuta majimaji kidogo na kuyapima kwa karatasi ya asidi; ikisoma 5.5 au chini yake, uko tumboni. Waulizeni waliomwekea mrija wawape karatasi hizo au wawaelekeze pa kuzipata. Pia weka alama ya kalamu kwenye mrija pale unapotokea puani, na kila kabla ya kulisha uangalie alama haijasogea. Akikohoa, akibadilika rangi midomo, au alama imesogea: usilishe, mpeleke. Usiurudishe mwenyewe.

Mlishe akiwa ameinuliwa kifua, abaki hivyo nusu saa hivi baada ya kula, na usafishe mrija kwa maji safi kabla na baada. Mwambie mama anitafute humu, nitakuja bure kwa ajili yako.

MamaPacha_Kijenge

Mimi wangu ni selimundu, baridi na kukosa maji humwamshia maumivu. Kila mwaka ikifika Juni na Julai, baridi ya Arusha ikishika, tunajua tutalala hospitali ya Mount Meru. Mwalimu alimtoa nje asubuhi akimbie bila sweta kwa sababu "michezo ni afya". Nilimweleza kwa upole. Sasa hivi nimempa chupa ya maji yenye mistari, mwalimu anahakikisha imefika mstari wa pili saa nne. Huyo mwalimu hajafundishwa na mtu zaidi ya mimi, na amenisaidia kuliko wengi. Nesi, hapo si semina wala saini, unasemaje?

NesiWaRau

Nasema umefanya mafunzo yenyewe: umemfundisha mtoto WAKO, kwa chupa YAKE. Mwongezee mawili. Joto la mwili likifika 38.5 ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheza, kwa sababu watoto hawa hawana kinga nzuri dhidi ya bakteria. Na wewe na bibi mjifunze kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu, ili mjue ilivyo siku akiwa mzima. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, damu imenasa humo, ni dharura.

Anayedhani hili ni la madaktari tu, asikie ya Jamaika. Huko wazazi walifundishwa kupapasa bandama za watoto wao. Matokeo yalitolewa mwaka 1985: vifo vilishuka kutoka 29 hivi katika kila matukio 100 ya bandama kuvimba ghafla hadi 3 hivi. Matukio yaliyogunduliwa yaliongezeka, pengine kwa kuwa wazazi walishajua kuyatambua. Hawakuwa na mashine mpya. Walikuwa na vidole vya mama.

Matroni_UsaRiver

Mimi nina wa mgongo wazi anakuja muhula ujao, binti. Mama yake anasema kila saa tatu au nne atolewe mkojo kwa mpira. Nimeambiwa mpaka glovu za steraili na chumba maalumu. Bajeti hiyo shule haina, nahisi watamkataa kwa sababu hiyo.

NesiWaRau

Wasimkatae kwa hilo. Tangu 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan alionyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha. Kubwa ni kibofu kumwagwa kwa wakati. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, mpira uwe safi, basi. Ukivaa glovu zisiwe za mpira wa lateksi, watoto wa mgongo wazi wengi huwa na mzio nazo.

Kinachohitaji akili zaidi ni ratiba na staha. Saa nne ya mapumziko choo kinajaa. Atafutiwe choo chenye mlango unaofungwa, na atoke darasani dakika chache kabla ya kengele bila kunyoosha mkono mbele ya wavulana. Atakayemsaidia awe mwanamke mmoja au wawili aliowakubali yeye, asiwe yeyote aliyeko zamu. Lengo liwe ajifunze kujitoa mwenyewe kwa kioo, wengi huanza kati ya miaka sita na kumi. Na kama ana shanti kichwani (mrija wa kupunguza maji ya ubongo), mjue dalili za kuziba: kichwa kumuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida. Bweni wakisema "malaria" wakampa panadol, siku inapotea.

Baba_Sakina

Hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kufikia zaidi ya laki moja na thelathini ulizinduliwa Januari 2024, hawawezi kubeba hili?

NesiWaRau

Wanaweza kupita kuangalia, kukumbusha kliniki, kumtambua mtoto aliyefichwa ndani. Lakini hawaamki na mtoto wako wala hawali naye. Anayekuwepo saa nane usiku ndiye wa kufundishwa. Njia rahisi kuliko zote ni hii: mtoto akilazwa, iwe KCMC, Mawenzi au Mount Meru, dada aje wodini kabla ya ruhusa, akae kutwa, amwombe nesi afanye mbele yake. Wodini vifaa vipo, mwalimu yupo, na ukikosea kuna mtu wa kurekebisha. Wazazi wengi humwacha dada nyumbani alinde nyumba, kisha wanarudi na mfuko wa dawa na kumsimulia.

Baba_Sakina

Nimekuelewa. Huyu mpya ameanza juzi. Naomba Jumamosi uje, niko nyuma ya Sakina Super. Na umeme ukikatika insulini tuiweke wapi? Majuzi tulizikuta zimegusa barafu.

NesiWaRau

Iliyogandishwa tupa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ambazo hazijafunguliwa zikae 2 hadi 8, mbali na barafu, rafu ya mlangoni. Iliyofunguliwa inavumilia hali ya kawaida ya chumba kwa wiki nne hivi. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Umeme ukikata muda mrefu, mtungi wa udongo ndani ya mwingine, mchanga katikati ukimwagiwa maji, unasaidia sana kwa hali ya hewa ya Arusha. Na ile yenye rangi ya maziwa izungushwe taratibu viganjani kabla ya kuvuta, isitikiswe.

Jumamosi saa tatu nitakuwepo. Dada awepo, bibi awepo, na binti mwenyewe. Mashine, stripu, sindano, zote mezani. Na machungwa mawili matatu, tutayachoma kwanza hayo.